Nyumba kwa asilimia 10: matangazo yataje pesa zote

MHARIRI,

Kurasa za matangazo, zikiwemo za gazeti lako, siku hizi zimejaa picha za maghorofa ya Ruaka, Syokimau na Kitengela, na chini yake maandishi makubwa: lipa asilimia 10 tu uingie kwako. Kwingine ni asilimia 5. Zipo pia benki zinazotangaza mkopo wa asilimia 100 ya bei, hata 105. Mikopo hiyo ipo kweli na watu wanaipata. Kasoro ni kwamba tangazo halisemi mnunuzi atahitaji shilingi ngapi mkononi kabla ya kukabidhiwa ufunguo, wala zitatakiwa siku gani. Wanaonunua nyumba kwa mara ya kwanza hukwama papo hapo, na baadhi yao hukwama wakiwa wameshatoa arabuni ambayo hairudi.

Tuchukue nyumba ya Sh4 milioni mjini Nairobi, nje ya mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu. Asilimia 10 ni Sh400,000. Ushuru wa stempu mijini ni asilimia 4 ya thamani (mashambani ni 2), kwa hiyo Sh160,000. Kusajili rehani ya benki juu ya hati kunatozwa asilimia 0.1 ya mkopo, yaani Sh3,600 kwa mkopo wa Sh3.6 milioni. Wakili wako akitoza asilimia 2 ya bei, ni Sh80,000, na VAT ya asilimia 16 juu yake ni Sh12,800. Kisha yupo wakili wa benki anayeandika rehani. Huyo anaitumikia benki, lakini anayemlipa ni wewe. Tumkadirie Sh60,000, mthamini Sh25,000, na ada ya benki ya kuandaa mkopo asilimia 1, yaani Sh36,000 kabla ya ushuru wake. Jumla imepita Sh370,000 na hatujagusa bima ya maisha, bima ya moto wala gari la kuhamisha vyombo. Asilimia 10 ya tangazo imekuwa karibu 20.

Wenye mkopo wa asilimia 105 hudhani wameepuka haya. Ile 5 ya ziada imekusudiwa kulipia gharama hizo hizo, lakini kwa nyumba yetu ni Sh200,000 tu, na gharama tumeona ni karibu maradufu yake.

Halafu kuna mthamini. Benki haikopeshi kwa kufuata bei mliyokubaliana na muuzaji ikiwa thamani imetoka chini yake. Inachukua tarakimu iliyo ndogo. Nyumba ya Sh4 milioni ikithaminiwa kuwa ya Sh3.6 milioni, asilimia 90 ni Sh3.24 milioni, na pengo la kuziba kutoka mfukoni linapanda kutoka Sh400,000 hadi Sh760,000. Hili hutokea zaidi kwenye nyumba mpya ambazo mstawishaji, yaani anayezijenga na kuziuza, ametia ndani ya bei jiko la kisasa, bwawa la kuogelea na kamisheni ya mawakala. Mthamini wa serikali naye ana hesabu yake kwa ajili ya ushuru wa stempu, na yake inaweza kutoka juu ya bei mliyoandikiana. Unaweza basi kukopeshwa kwa thamani ya chini na kutozwa ushuru kwa thamani ya juu, nyumba ikiwa ile ile moja.

Watu wengi hawatofautishi malipo ya awali na arabuni. Malipo ya awali ni sehemu ya bei ambayo benki haitaibeba. Arabuni ni pesa anazodai muuzaji siku ya kutia sahihi mkataba wa mauzo, na kwa desturi ya mawakili wa Kenya ni asilimia 10 ya bei. Anayekopa asilimia 90 haoni tofauti, maana pesa ni zile zile. Aliyeahidiwa asilimia 100 ndiye hushtuka. Benki italipa kila kitu, sawa, lakini italipa baada ya uhamisho na rehani kusajiliwa, miezi kadhaa baadaye. Muuzaji anataka arabuni leo. Kwa hiyo hata mkopo usio na malipo ya awali unaweza kukudai Sh400,000 siku ya kwanza, isipokuwa muuzaji akubali barua ya ahadi ya benki badala ya pesa taslimu. Mstawishaji mwenye makubaliano na benki hukubali. Mzee anayeuza nyumba yake Buruburu mara nyingi hakubali, na huwezi kumlaumu.

Arabuni hiyo ndiyo pesa iliyo hatarini kuliko zote, kwa hiyo mpangilio wa hatua una maana kubwa. Anza benki au sacco, si kwa wakala wa nyumba. Pata barua inayoonyesha kiasi ambacho kipato chako kinaweza kubeba. Kisha chagua nyumba, na wakili wako afanye upekuzi rasmi wa hati kwenye masjala ya ardhi. Kwa hati za Nairobi zilizohamishiwa mtandaoni anaufanya kupitia Ardhisasa, mfumo uliozinduliwa 2021. Baada ya hapo ndipo mkataba wa mauzo, nao uwe na vipengele vitatu ambavyo wauzaji hawavipendi: arabuni ishikwe na wakili wa muuzaji kwa niaba ya pande zote mbili hadi uhamisho ukamilike, badala ya kutiwa mfukoni na muuzaji, arabuni irudishwe benki ikikataa mkopo bila kosa lako, na muda wa kukamilisha uanze kuhesabiwa siku stakabadhi za muuzaji zitakapokuwa tayari. Mikataba mingi hutoa siku 90. Uthamini, barua ya ofa, vibali, ushuru na usajili vinazimaliza haraka kuliko mtu anavyodhani. Zikipita, muuzaji anaweza kutoa notisi ya kukamilisha, kwa kawaida ya siku 21, na baada yake kuvunja mkataba na kubaki na arabuni. Kosa linaweza kuwa la ofisa wa benki aliyekwenda likizo na faili yako ikiwa kwenye droo. Mkataba haumtaji huyo.

Nyumba ya kwenye ramani, yaani isiyojengwa bado, ni jambo jingine kabisa. Benki haisajili rehani ya kawaida juu ya chumba kisichokuwepo. Unamlipa mstawishaji mwenyewe, kidogo kidogo, ukitegemea kwamba atamaliza na kwamba siku hiyo utafuzu kupata mkopo wa kumalizia. Mambo mawili yanaweza kuharibika kati ya leo na siku hiyo, na mnunuzi hana mamlaka juu ya lolote kati yake. Bei ya chini ya nyumba za ramani ni malipo ya kubeba hatari hiyo. Anayeiuza kama zawadi anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Sasa tuje kwenye kipato, ambako maombi mengi huanguka. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza makato yote kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Mchukue mwajiriwa mwenye mshahara wa msingi wa Sh90,000 bila marupurupu. NSSF, bima ya afya ya SHIF (asilimia 2.75), tozo ya nyumba (asilimia 1.5) na PAYE zikitoka, anabaki na karibu Sh64,000. Theluthi ambayo haiguswi ni Sh30,000. Kwa hiyo mikopo yake yote, ya nyumba, ya sacco na ya friji, haiwezi kupita Sh34,000 hivi kwa mwezi.

Weka mkopo wetu wa Sh3.6 milioni kwa miaka 20 juu ya hesabu hiyo. Kwa riba ya asilimia 9.5, malipo ya mwezi ni Sh33,557. Anapita kwa tundu la sindano, na akiwa na mkopo wa sacco wa Sh10,000 kwa mwezi hapiti. Kwa riba ya asilimia 15, malipo ni Sh47,404 na mazungumzo yameisha. Kwa hiyo wanaokopa sacco ili kupata zile asilimia 10 wanajikata mguu wenyewe: pesa za malipo ya awali zinapatikana, lakini makato yake yanakula nafasi ya mkopo wa nyumba. Ukitaka kutumia sacco, tumia akiba. Na kama una mikopo midogo midogo, imalize angalau miezi mitatu kabla ya kuomba ili karatasi za mshahara zitakazosomwa na benki ziwe safi.

Benki pia itasoma ripoti yako ya CRB. Kenya ina ofisi tatu za taarifa za mikopo: TransUnion, Metropol na Creditinfo, na una haki ya ripoti moja bila malipo kila mwaka. Ichukue mapema. Kanuni za 2020 zinazuia kuorodheshwa kwa deni lisilofika Sh1,000, lakini mkopo wa simu wa Sh3,000 uliosahaulika kwenye laini ya zamani unatosha kusimamisha ombi la mamilioni. Kuulipa ni kazi ya dakika moja. Kusubiri rekodi irekebishwe ndiko kunakochukua wiki.

Riba ya asilimia 9.5 niliyoitaja si ndoto. Kampuni ya KMRC, ambayo Hazina ya Taifa ina hisa ndani yake pamoja na benki na sacco kadhaa, ilipewa leseni na Benki Kuu 2020. Haimkopeshi mwananchi. Inazikopesha benki na sacco pesa za muda mrefu kwa riba ndogo, nazo zinakopesha wateja kwa riba ya tarakimu moja isiyobadilika, kwa muda unaoweza kufika miaka 25. Kuna kikomo cha mkopo, na kwa Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado kikomo hicho kiko juu kuliko kaunti nyingine. Tatizo ni kwamba mhudumu wa dirishani hatautaja mkopo huu kwanza, pengine kwa sababu fungu la tawi limeisha, pengine kwa sababu mkopo wa kawaida una faida zaidi kwa benki. Ulizia kwa jina: je, mnatoa mkopo wa nyumba unaofadhiliwa na KMRC, na je, pesa zipo sasa? Tawi likisema hapana, nenda kwenye sacco iliyo mwanachama. Kati ya asilimia 9.5 na 15, kwa mkopo ule ule, kuna tofauti ya Sh13,847 kila mwezi. Hakuna punguzo la malipo ya awali linaloweza kulipa pengo hilo.

Riba inayopanda na kushuka nayo inahitaji kutazamwa kwa macho mawili. Riba ya msingi ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 7 mwanzoni mwa 2022 na kufikia Februari 2024 ilikuwa 13. Imeteremka tangu hapo, lakini aliyekopa wakati wa 7 na kukaa kwenye ukingo wa theluthi yake hakuwa na pa kukimbilia. Mkopo wa Sh3.6 milioni kwa miaka 20 unadai Sh42,177 kwa mwezi riba ya mkopo wenyewe ikiwa asilimia 13, na Sh52,805 ikifika 17. Kabla ya kutia sahihi, mwambie ofisa akuandikie malipo ya mwezi kwa riba ya leo na kwa riba iliyoongezeka pointi nne. Usipoweza kulipa ya pili, nyumba hiyo ni kubwa kwako, au malipo yako ya awali ni madogo mno.

Na hapa ndipo udogo wa malipo ya awali unapoonyesha bei yake. Kwa asilimia 15, miaka 20, mwenye kulipa asilimia 20 mwanzoni anakopa Sh3.2 milioni na kulipa Sh42,137 kwa mwezi. Mwenye mkopo wa asilimia 105 anakopa Sh4.2 milioni na kulipa Sh55,305. Ile milioni moja ya ziada inamgharimu Sh13,168 kila mwezi, na kufikia mwisho atakuwa ameilipa kwa zaidi ya Sh3.1 milioni.

Tazama pia malipo ya mwezi wa kwanza kwenye mkopo wa Sh3.6 milioni kwa asilimia 15. Kati ya Sh47,404 unazotoa, Sh45,000 ni riba. Deni limepungua kwa Sh2,404, bei ya mfuko wa unga na mitungi miwili mitatu ya maji. Baada ya miaka mitano utakuwa umetoa zaidi ya Sh2.8 milioni na deni bado liko karibu Sh3.39 milioni. Anayepanga kuuza baada ya miaka mitatu minne ajue kwamba hatakuwa na kitu ndani ya nyumba hiyo ila kile ambacho soko litampa, na soko la vyumba vya ghorofa Nairobi halijawa karimu kwa kila mtaa. Dawa ipo, nayo ni rahisi kwa anayeweza: ongeza Sh5,000 kwa mwezi juu ya malipo, na mkopo huo unaisha ndani ya miaka 13 na miezi michache badala ya 20. Hakikisha tu kwamba mkataba hautozi faini ya kulipa mapema, na andika kwa benki kwamba ziada ipunguze deni lenyewe, isiwekwe kama malipo ya mwezi ujao. Maagizo hayo yasipokuwepo, mifumo mingi huchagua la pili.

Mpango wa serikali, ule wa Boma Yangu, una hesabu tofauti. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inagawa wanunuzi kwa kipato: chini ya Sh20,000 kwa mwezi ni nyumba za kijamii, Sh20,000 hadi Sh149,000 ni za bei nafuu, na juu ya hapo ni za tabaka la kati. Unajisajili kwa kitambulisho mtandaoni au kwa *832#, unaweka akiba kwenye akaunti yako humo, unaomba nyumba, na ukigawiwa unalipa polepole kwa utaratibu wa mpangaji anayenunua. Mnunuzi wa mara ya kwanza chini ya mpango huu amesamehewa ushuru wa stempu. Kwa nyumba ya Sh4 milioni, msamaha huo peke yake ni Sh160,000, na sijaona tangazo linaloutaja kwa sauti.

Mambo mawili yanawachanganya wasomaji. La kwanza: tozo ya asilimia 1.5 inayokatwa kwenye mshahara si akiba yako. Haihesabiwi kama malipo ya awali, hairudishwi, na kuilipa miaka kumi hakukupi nafasi mbele ya foleni. Akiba ni ile unayoweka mwenyewe Boma Yangu. La pili: nyumba ya mpango huu huwezi kuiuza bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Anayenunua Mukuru kwa nia ya kumuuzia mwingine mwaka ujao kwa faida amekosea mlango. Kwa anayetaka kuishi, sharti hilo halimpunguzii kitu.

Waajiriwa wenye mfuko wa pensheni wana chungu kingine ambacho hawakifunui. Tangu 2020, kanuni za mafao ya kustaafu zinamruhusu mwanachama kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake, isiyozidi Sh7 milioni, kununua nyumba ya kuishi. Mwenye Sh1.5 milioni kwenye mfuko anaweza basi kutoa hadi Sh600,000, zikatosha malipo ya awali na sehemu nzuri ya gharama. Pesa haziji mkononi mwake. Zinakwenda kwa muuzaji au kwa mkopeshaji, na ni kwa nyumba, si ploti. Njia ya pili ni ya zamani zaidi: asilimia 60 ya akiba inaweza kuwa dhamana ya kuongezea kwenye mkopo wa nyumba bila kuiondoa kwenye mfuko wa pensheni. Kwa maoni yangu aliye chini ya miaka 40 aanze na hii ya dhamana. Pensheni iliyotolewa ukiwa na miaka 32 ndiyo ambayo ingezaa zaidi. Aliye na 50 na hana nyumba, hesabu yake ni nyingine, na kutumia ile 40 kunaweza kuwa jambo la busara.

Kuna nafuu ya kodi pia, ambayo wengi wanaiacha mezani. Riba ya mkopo wa nyumba unayoishi mwenyewe, ukikopa kwa taasisi inayotambuliwa na Sheria ya Kodi ya Mapato, inapunguzwa kutoka kwenye kipato kinachotozwa kodi hadi Sh360,000 kwa mwaka, yaani Sh30,000 kwa mwezi. Kikomo kilikuwa Sh300,000 hadi Desemba 2024. Kwa mkopo wetu wa asilimia 9.5, riba ya mwezi wa kwanza ni Sh28,500, na kwa aliye kwenye ngazi ya kodi ya asilimia 30 hiyo ni Sh8,550 zinazobaki kwenye mshahara mwezi huo. Haiji yenyewe. Mpelekee mwajiri barua ya ofa na cheti cha riba kutoka benki, au idai kwenye ritani ya KRA.

Wasomaji wa Pwani na Kaskazini Mashariki wanaokwepa riba watazipata benki zinazofuata sharia. Utaratibu wa kawaida ni benki na mteja kununua nyumba kwa ubia, mteja akinunua hisa za benki kidogo kidogo na kulipa kodi ya sehemu ambayo bado si yake. Malipo ya awali huko ni hisa yako ya kwanza kwenye ubia. Linganisha jumla ya malipo kama unavyolinganisha mikopo mingine. Jina la kiislamu halifanyi kitu kuwa rahisi.

Kuhusu hati, vyumba vya ghorofa ndivyo vyenye mtego. Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya 2020 inataka kila chumba kiwe na hati yake. Majengo mengi ya zamani bado yako chini ya hati moja mama yenye mikataba ya upangaji wa muda mrefu isiyobadilishwa. Benki nyingi hazitasajili rehani hapo, au zitadai ubadilishaji ukamilike kwanza, na ule muda wa siku 90 unaendelea kukimbia. Muulize muuzaji swali moja kabla ya kuvutiwa na vigae: hati ya chumba hiki ina namba gani? Akijibu kwa hadithi, ondoka. Kama ardhi ni ya kukodi kutoka serikalini, angalia miaka iliyobaki. Benki itataka izidi muda wa mkopo kwa kiasi kikubwa. Na kama una mke au mume na nyumba ni ya familia, Sheria ya Ardhi inataka idhini yake ndipo rehani iwe halali, kwa hiyo asije kujulishwa siku ya mwisho ofisini kwa wakili.

Mambo yakienda kombo baadaye, usifungie barua za benki ndani ya kabati. Deni likicheleweshwa mwezi mmoja, sheria inaitaka benki itoe notisi ya kukupa si chini ya miezi mitatu kurekebisha. Kisha inatoa notisi ya siku 40 ya nia ya kuuza, na dalali wa mnada anatoa yake ya siku 45. Ukijumlisha ni karibu miezi saba. Miezi hiyo ndiyo ya kuomba kurefushiwa mkopo, au kutafuta mnunuzi mwenyewe kwa ridhaa ya benki, kwa sababu nyumba iliyouzwa na mwenyewe hupata bei ambayo nyundo ya mnada haipati. Sheria hiyo hiyo inaitaka benki itafute bei bora inayowezekana. Ikiuza kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, ina la kujibu mahakamani. Lakini aliyelipa asilimia 5 mwanzoni huenda asibaki na shilingi hata nyumba ikiuzwa vizuri, kwa kuwa deni lake lilianza karibu na bei yenyewe.

Kwa hesabu ya Benki Kuu, mwishoni mwa 2023 Kenya nzima ilikuwa na mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu. Tunaambiwa Wakenya hawapendi mikopo ya nyumba. Nadhani Wakenya hawapendi kugundua Sh370,000 zaidi baada ya kutia sahihi.

Ombi langu kwa gazeti lako ni dogo. Anayeleta tangazo la nyumba kwa asilimia 10 aambiwe aongeze mistari mitatu kwa herufi zinazosomeka: jumla ya pesa ambazo mnunuzi lazima awe nazo kabla ya ufunguo, malipo ya mwezi kwa riba iliyotajwa pamoja na idadi ya miaka, na kama chumba kina hati yake. Tarakimu hizo mstawishaji anazo na benki inazo. Mnunuzi peke yake ndiye hana.

Mshauri wa mikopo ya nyumba,
Nairobi